Montgomery Blair: Shule ya Wote, Mlango wa Wachache

Kwenye makutano ya University Boulevard na barabara ya Colesville, mahali ambapo wakazi wa Silver Spring katika jimbo la Maryland hupaita Four Corners, kuna shule ya sekondari ya umma yenye wanafunzi zaidi ya 3,000, mojawapo ya shule kubwa kabisa za jimbo hilo. Jina lake ni Montgomery Blair High School, nasi wazazi tumezoea kuiita Blair tu. Ndani yake mna programu ambazo Wamarekani huziita za magneti, yaani programu za masomo maalumu zilizobuniwa ili kuwavuta watoto wa mitaa mingine waje kusoma mahali ambapo wazazi wao pengine wasingekuwa na wazo la kuwapeleka. Binti yetu alisoma hapo miaka yote minne bila kuwa mwanafunzi wa magneti. Nimeona niandike kwa jicho la mzazi wa aina hiyo, kwa sababu karibu kila kinachoandikwa kuhusu Blair huandikwa kwa ajili ya wale wachache walioingia kwa mlango wa programu.

Jirani yetu mmoja, mama aliyetoka Bukavu, aliposikia binti yetu anasoma hapo aliniuliza, “Papa, ile masomo haiko ya batoto ba akili tu?” Swali lake lilikuwa la haki, na nimelisikia pia kwa Watanzania na Wakenya wa eneo hili la Washington. Jibu ni kwamba hapana, shule si ya hao tu. Blair ni moja ya shule tano za muungano uitwao Downcounty Consortium, pamoja na Einstein, Kennedy, Northwood na Wheaton, na mtoto wa mitaa hii anapokaribia kumaliza darasa la nane huzipanga shule hizo kwa mfuatano anaoutaka. Hakuna mtihani wa kuingia shuleni. Mtihani, au vigezo vinavyofanya kazi ya mtihani, vipo kwenye mlango wa programu, na ni mlango ulio ndani ya shule.

Kwa sisi tuliosoma Tanzania mpango huu una ugeni wake. Tumekua tukijua kwamba mtoto aliyefaulu sana darasa la saba huondoka kijijini au mtaani kwake na kupelekwa bweni Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato au moja ya shule za Tabora, ambako atakaa na wenzake waliochujwa kama yeye. Waliobaki hawamwoni tena hadi likizo, na shule ya kata haimhesabu kuwa wake. Hapa aliyechaguliwa hupanda basi la njano asubuhi, hushuka kwenye lango lile lile wanaloshukia watoto wa mtaani, hula chakula cha mchana katika ukumbi mmoja nao, na alama zake huingizwa katika hesabu za shule nzima. Tofauti hiyo ilipangwa makusudi, na bila historia yake mtu hawezi kuhukumu kama programu hizi zimefaulu.

Historia yenyewe inaanzia mahakamani. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule zao ni kinyume cha katiba. Kaunti ya Montgomery, ambayo Silver Spring imo ndani yake, ilikuwa kaunti ya ubaguzi kama nyingine za Maryland. Kijana mweusi aliyetaka elimu ya sekondari alisafirishwa hadi shule ya Carver iliyofunguliwa Rockville mwaka 1951, hata kama Blair ilikuwa jirani na nyumbani kwao. Kuanzia mwaka 1955 ubaguzi huo uliondolewa hatua kwa hatua, Carver ikafungwa kama shule ya sekondari, na jengo lake likageuzwa kuwa makao makuu ya idara ya elimu ya kaunti. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa maamuzi kuhusu nani aingie programu gani yalifanywa ndani ya kuta zilizojengwa ili watoto weusi wasomee mbali. Sijui viongozi wangapi wa elimu walipanda ngazi za jengo lile huku wakilikumbuka hilo.

Baada ya sheria kubadilika, mitaa yenyewe haikubadilika kwa kasi hiyo. Katika miji mingi ya Marekani mahakama ziliamuru watoto wasafirishwe kwa mabasi ili shule zichanganyike, na wazazi wengi weupe walijibu kwa kuhama au kwa kupeleka watoto shule za kulipia. Hapo ndipo wazo la kuvuta badala ya kulazimisha lilipopata nguvu. Shule ya msingi ya McCarver huko Tacoma, jimbo la Washington, ilianza mwaka 1968 kwa lengo hilo. Boston ikafuata mwaka 1969 kwa shule ya Trotter, na Houston ikafungua sekondari ya sanaa za maonyesho mwaka 1971. Jiji la Kansas City lilikwenda mbali kuliko yote, kwa amri ya jaji, likatumia zaidi ya dola bilioni 1 kugeuza shule zake kuwa za magneti zenye mabwawa ya kuogelea na maabara za kifahari, mpaka Mahakama Kuu ilipoikata kamba hiyo mwaka 1995. Wanafunzi weupe waliotarajiwa kuvutwa kutoka vitongoji hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa.

Montgomery ilichagua njia ya bei nafuu zaidi: kuweka programu ndogo yenye sifa kubwa ndani ya shule kubwa ya kawaida. Kufikia miaka ya 1980 kusini mwa kaunti kulikuwa kumebadilika. Wakimbizi na wahamiaji kutoka El Salvador, Vietnam, Kambodia na Ethiopia walipanga katika majengo ya ghorofa ya Silver Spring na Takoma Park, huku familia zenye uwezo zikielekea kaskazini na magharibi kwenye nyumba mpya. Mwaka 1985 Blair, ambayo wakati huo ilikuwa bado katika majengo yake ya Wayne Avenue, ilipewa programu ya sayansi, hisabati na kompyuta inayochukua wanafunzi wapatao 100 kwa mwaka. Baadaye ikaongezwa ya pili, ya sanaa za mawasiliano, ambayo wenyewe huiita CAP, kwa wanaopenda kuandika, historia, uandishi wa habari na filamu. Mwaka 1998 shule nzima ikahamia jengo jipya la Four Corners, kando ya barabara kuu ya mzunguko wa Washington.

Jina la shule nalo lina kitendawili chake. Montgomery Blair alikuwa mwanasheria aliyemtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mbele ya Mahakama Kuu na kushindwa mwaka 1857, kisha akawa waziri wa posta katika serikali ya Lincoln. Mtu huyo huyo aliamini kwamba watumwa wakishaachwa huru wahamishwe nje ya Marekani. Kuwatetea watu na wakati huo huo kutotaka kuishi nao ni mkanganyiko ambao haukuisha alipokufa, na sitaki kuusukumia kwa mtu mmoja.

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi wa magneti ya sayansi hupewa miaka miwili ya kwanza ya msingi mzito, ambapo hisabati husomwa kwa kasi ambayo ingemtoa jasho mwalimu wa vidato vya juu kwetu, na tangu darasa la tisa hufundishwa jinsi ya kuuliza swali la utafiti, kupanga jaribio na kuandika matokeo. Katika miaka miwili ya mwisho huchagua masomo ambayo kwa kawaida mtu huyakuta chuo kikuu: fizikia ya kwanta, optiki, akili mnemba, elimu ya wadudu. Darasa la kumi na moja hufunga safari ya mafunzo hadi Wallops Island, kwenye pwani ya Virginia, wakapime maji na viumbe vya bahari. Wengi hufanya utafiti mrefu chini ya mwanasayansi wa nje ya shule, na hapa jiografia inawabeba sana, kwa kuwa Taasisi za Taifa za Afya ziko Bethesda, Chuo Kikuu cha Maryland kiko College Park, na mabasi ya umma yanafika kote. Shule iliyo katikati ya Kansas hata ikiwa na walimu bora kiasi gani haiwezi kuhamishia maabara za serikali jirani yake.

Matunda yameonekana. Mwaka 1996 mwanafunzi wa Blair, Jacob Lurie, alishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya kitaifa ya vipaji vya sayansi yaliyodhaminiwa na Westinghouse. Leo yeye ni mmoja wa wanahisabati wanaoheshimiwa zaidi duniani, yupo Taasisi ya Elimu ya Juu ya Princeton. Tangu hapo majina ya watoto wa Blair katika orodha za washindi wa mashindano hayo yamekuwa jambo la kawaida. Ni haki kuongeza kwamba shule ilitoa watu mashuhuri kabla hata magneti haijafikiriwa, akiwemo Carl Bernstein, mwandishi wa habari aliyefichua kashfa ya Watergate pamoja na mwenzake Bob Woodward.

Lakini piga hesabu. Watoto 100 kwa kila darasa ni takriban 400 kwa shule nzima, na hata ukiongeza wale wa CAP, walio wengi zaidi kwa mbali bado wako nje. Hao ni akina nani? Hakuna rangi wala asili moja iliyofikia nusu ya wanafunzi wa Blair. Walatino ndio kundi kubwa kuliko mengine, wakifuatiwa na weusi, weupe na Waasia, na ndani ya hao weusi wamo Waethiopia, Wakameruni na watoto wetu wa Afrika Mashariki. Wapo vijana waliofika mwezi uliopita kutoka Guatemala bila kuwa wamekaa darasani kwa miaka, ambao huanza katika masomo ya Kiingereza kwa wageni. Shule imewagawa wanafunzi katika akademia ndogo ndogo, kama vile ya biashara, ya sheria na mambo ya kimataifa, au ya habari, muziki na sanaa, ili mtoto asipotee katika bahari ya watu. Binti yetu alikuwa katika ile ya mambo ya kimataifa. Mwalimu wake wa historia alimfanya asome hati za zamani na kuzihoji, na nilipoona maswali aliyopewa kuhusu Mkutano wa Berlin nilitamani ningeulizwa hayo nilipokuwa kidato cha tatu, badala ya kukariri tarehe zake.

Naandika hili kwa makusudi, kwa kuwa kuna wazazi wanaoamini kwamba mtoto akikosa magneti amekosa shule. Masomo ya ngazi ya juu yanayohesabiwa na vyuo, yale ya AP, yako wazi kwa kila mwanafunzi wa Blair aliye tayari kuyabeba. Hata baadhi ya masomo ya hiari ya magneti hupokea mwanafunzi wa nje ya programu akiwa ametimiza masharti ya somo lenyewe. Tatizo ni kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawajui kwamba inawezekana kuomba hawezi kuomba, na mshauri wa wanafunzi mwenye mamia ya majina kwenye orodha yake hatamfuata kila mmoja nyumbani.

Je, watoto wanachanganyika? Ukipita asubuhi katika korido kuu pana wanayoiita Blair Boulevard utadhani jibu limo machoni pako: hijabu, jezi za mpira, vijana wanaobishana kwa Kiamhari, kwa Kihispania, kwa Kiingereza cha Kijamaika. Kengele ikilia wote huingia milangoni, na kila mlango una sura yake. Darasa la optiki halifanani na darasa la Kiingereza kwa wageni, wala hali hiyo haijifichi. Mwanafunzi wa magneti ya sayansi hukutana na wenzake wa shule nzima katika lugha za kigeni, michezo, muziki, na baadhi ya madarasa ya Kiingereza na historia. Mambo yaliyobaki ya siku yake huyafanya na watu wale wale aliowazoea. Mahali nilipouona mchanganyiko wa kweli ni katika shughuli za baada ya masomo. Gazeti la wanafunzi, Silver Chips, lina kurasa za Kihispania zinazoandikwa na wanafunzi wenyewe, na orkestra haimuulizi mtu alama zake za hisabati. Kuna pia sharti la Maryland kwamba kila mhitimu awe amefanya saa 75 za huduma kwa jamii, nalo liliwakutanisha binti yetu na kijana mmoja wa magneti katika benki ya chakula ambako wote wawili walikuwa wakipanga makopo. Urafiki wao umedumu hadi chuoni, na ndiye aliyemwambia kwamba anaweza kuomba somo lile la hiari ambalo sisi wazazi hatukujua lipo.

Takwimu za shule huficha mgawanyiko huu badala ya kuuonyesha. Ukichukua alama za watoto 400 walio miongoni mwa bora wa taifa ukazichanganya na za watoto wanaojifunza Kiingereza mwaka wa kwanza, utapata wastani usiomwelezea mtu yeyote aliye ndani ya jengo. Magazeti hutumia wastani huo kupanga shule, madalali wa nyumba huutumia kuuza nyumba, na mzazi aliyenunua nyumba Four Corners akidhani amenunua nafasi ya magneti hugundua kwamba anwani haimwingizi mtoto katika programu. Kwa haki ya takwimu, ningependa kila taarifa ya Blair itolewe mara mbili, mara moja kwa programu na mara moja kwa waliobaki, hata kama karatasi hizo zingeumiza.

Jambo linalowapita wengi katika jumuiya yetu ni lini hasa mlango wa magneti unafunguliwa. Mtu hudhani ni darasa la nane, wakati wa kuomba. Kwa kweli njia huanza kuchongwa mtoto akiwa na miaka minane au tisa, darasa la tatu, kaunti inapowapima wanafunzi ili kuwapata wa madarasa ya kuimarishwa ya darasa la nne na la tano. Kutoka huko wapo wanaopata nafasi katika programu za shule ya kati, ya sayansi na hisabati katika Takoma Park na ya fasihi na mawasiliano katika Eastern, na wanaotoka huko hufika Blair wakiwa wameshasoma kwa miaka mitatu mambo ambayo wengine hawajayasikia. Si kwamba mtoto mwingine hawezi kuingia, wapo walioingia. Lakini familia iliyotua uwanja wa Dulles mtoto akiwa darasa la saba, kama yetu, inafika mbio zikiwa zimeshakimbiwa nusu yake.

Kaunti yenyewe iliutambua upungufu huo. Zamani mzazi ndiye aliyepaswa kumwombea mtoto nafasi ya kupimwa, na walioomba walikuwa wale waliokuwa na habari. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 utaratibu ulibadilishwa ili watoto wote wapimwe bila kuombewa, na alama za mtoto zilinganishwe na za wenzake wa shule zenye kiwango kinachofanana cha umaskini. Wakati wa janga la korona, kwa shule za kati, waliofikia kigezo waliingizwa katika bahati nasibu. Kundi la wazazi, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Asia, lilifungua kesi ya shirikisho mwaka 2020 likidai kwamba mabadiliko hayo yalikusudia kuwapunguza watoto wao, na mwaka 2022 jaji aliitupilia mbali. Ninaielewa hasira yao, kwa maana wengi wao ni wahamiaji kama sisi ambao walijifunza kanuni za mchezo kwa shida, kisha kanuni zikabadilishwa. Hata hivyo nakubaliana na kaunti. Kipimo kinachosubiri mzazi ajaze fomu kinapima pia kama mzazi anafanya kazi ya zamu za usiku.

Kesi hiyo haikuwa ya kwanza. Mwaka 1999, katika kesi ya Eisenberg, Mahakama ya Rufani ya shirikisho iliizuia kaunti hii hii kumnyima mtoto mweupe uhamisho wa kwenda shule ya msingi ya magneti kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ilifunga zaidi mlango wa kutumia rangi ya mtoto mmoja mmoja katika kugawa nafasi. Hivyo programu iliyozaliwa ili kuchanganya rangi haina tena ruhusa ya kuitazama rangi inapochagua. Kilichobaki mkononi ni umaskini, anwani na uwezo.

Na sasa ramani nzima inataka kuchorwa upya. Mwaka 2006 kaunti iliwapa watoto wa kaskazini programu yao ya sayansi huko Poolesville, ili wasisafiri hadi Silver Spring alfajiri. Mwaka 2025 idara ya elimu ilileta pendekezo kubwa zaidi, la kuigawa kaunti katika kanda sita ambazo kila moja ingekuwa na programu zake maalumu. Nusu ya pendekezo hilo naiunga mkono bila kusita, maana nafasi zikiongezeka, watoto wengi wenye uwezo ambao leo hukosa kwa alama chache watapata, na mtoto ambaye mama yake hana gari hatahitaji saa nzima ya basi. Nusu nyingine inanipa wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba kila kanda ikijitosheleza, hakutakuwa na sababu ya mtoto wa mitaa ya kitajiri kuja Four Corners, nayo ndiyo ilikuwa sababu ya mwaka 1985. Wa pili ni walimu. Mtu anayeweza kufundisha fizikia ya kwanta kwa vijana wa miaka 17, kwa mshahara wa mwalimu wa sekondari, katika mji ambao maabara za serikali na kampuni za kompyuta zinamtafuta, hapatikani kwa tangazo la wiki moja, na Blair imechukua miongo minne kuwakusanya wachache ilio nao. Ndiyo maana kila nikipata nafasi katika vikao vya wazazi huuliza mambo yale yale: nani atafundisha masomo hayo katika kanda ya tatu na ya tano, ameshaajiriwa au bado, na mtoto aliyefika nchini mwaka jana ataelezwa na nani kwamba anaruhusiwa kukaa katika darasa hilo.